Nimesoma takwimu, sijasoma udaktari: je, nina nafasi kwenye utafiti wa tiba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya takwimu kutoka Dodoma. Sasa hivi ni karani wa data kwenye mradi wa utafiti wa hospitali hapa Moshi, kwa mkataba wa mwaka. Kazi niliyoajiriwa nayo ni kuingiza fomu, lakini madaktari wanaosoma uzamili walipogundua nimesoma takwimu wakaanza kuniletea Excel: "Nitolee p-value, kesho nawasilisha," yaani ile namba ya kupima kama tofauti inaweza kuwa ni bahati tu. Nikiuliza data ilikusanywaje naonekana nawachelewesha. Nyumbani baba anasema niachane nao nikatafute kazi benki, shangazi anasema bora nianze upya nisomee udaktari. Mimi nataka kuwa mtafiti wa tiba kupitia takwimu. Inawezekana, au nitabaki kuwa kikokotoo cha madaktari? Na kama inawezekana, nianzie wapi? (Msomaji wa kike, Pasua, Moshi)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na shangazi, maana lake ni jepesi. Usianze upya kusomea udaktari kwa sababu ya hili. Kama unapenda kutibu watu, hilo ni jambo jingine na nakutakia heri. Lakini kama unadhani udaktari ndio kibali cha kuingia kwenye utafiti wa tiba, utakaa miaka 5 chuoni na mmoja wa mafunzo kazini, halafu ukirudi utawakuta wenzako wanahangaika kumtafuta mtakwimu.

Mmoja wa walioweka msingi wa kazi hii hakuwa daktari. Austin Bradford Hill, Mwingereza, alikuwa na nia ya kusomea udaktari. Vita ya Kwanza ya Dunia ikamkuta, akiwa huko akaugua kifua kikuu, na nia ile ikaishia kitandani. Katika kipindi hicho cha kuugua akasoma shahada ya uchumi kwa njia ya posta. Miaka mingi baadaye ndiye aliyepanga upande wa takwimu wa jaribio la streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha mapafu, lililochapishwa mwaka 1948.

Dawa hiyo ilikuwa haba Uingereza baada ya vita, haikuwatosha wote. Walipatikana wagonjwa 107. Kati yao 55 walipewa streptomaisini, na 52 wakabaki na tiba iliyokuwepo wakati huo, ambayo kwa ukweli ilikuwa ni kulala kitandani. Nani aende kundi lipi liliamuliwa kwa namba za kubahatisha zilizofungwa ndani ya bahasha, na daktari hakujua bahasha ya mgonjwa wake imeandikwa nini mpaka mgonjwa awe ameshakubaliwa kuingia kwenye utafiti. Picha za eksirei zilisomwa na watu wasiojua mgonjwa yupo kundi gani. Baada ya miezi 6 walikuwa wamefariki 4 kati ya wale 55, na 14 kati ya wale 52.

Sasa jiulize mchango wa mtakwimu hapo ulikuwa wapi. Kugawa 14 kwa 52 mtoto wa darasa la saba anaweza. Mchango ulikuwa kwenye bahasha. Bila zile bahasha, daktari mwenye huruma angempa dawa yule anayemwona ana matumaini ya kupona, au kinyume chake angempa yule aliye taabani, na kwa vyovyote vile makundi mawili yasingelingana tangu siku ya kwanza. Ukishaharibu hapo hakuna programu ya kompyuta itakayokusaidia.

Kwa hiyo swali lako la kikokotoo (sizungumzii kile cha mafao, hicho kina wenyewe) nalijibu hivi. Anayeitwa baada ya data kukusanywa atakuwa kikokotoo hata kama ana PhD. Anayekuwepo mezani wakati bahasha zinaandaliwa ni mtafiti, hata kama ana shahada moja. Na mezani hawatakuita kwa sababu unajua fomula, fomula ziko kwenye kompyuta za watu wote. Watakuita kwa sababu unaujua ugonjwa wanaouchunguza na unajua namba zao zinatoka wapi. Ushauri wangu wote ulio chini unatokana na hilo: chagua ugonjwa, au wodi, ukaijue kama anavyoijua nesi wa zamu.

Nakaa kidogo kwenye kifua kikuu kwa sababu kiko karibu nawe. Hospitali ya kifua kikuu ya Kibong'oto pale Siha si mbali. Streptomaisini peke yake ilikuja kuwasaliti: vimelea vilijenga usugu, na waliopata nafuu wengi wakarudi kuugua. Ikabidi dawa zichanganywe, na tatizo likawa muda. Mgonjwa alimeza dawa mwaka mmoja na nusu, wengine zaidi, wengi wakaishia njiani. Majaribio ya hapa kwetu Afrika Mashariki, yaliyofanywa kwa ushirikiano na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, ni miongoni mwa yaliyoonyesha kwamba miezi 6 inaweza kutosha. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1972. Waliotumia streptomaisini na isoniazidi tu kwa miezi 6, takriban 29 kati ya 100 waliugua tena. Walioongezewa rifampisini, takriban 3 kati ya 100. Watu wengi waliomeza dozi ya miezi 6 ya TB duniani hawajui kwamba sehemu ya ushahidi wake ulitoka kwenye makohozi ya wagonjwa wa Kenya, Uganda, Zambia na Tanzania. Na kipimo chenyewe kilichochaguliwa, yaani "ameugua tena baada ya kumaliza dozi", ni uamuzi wa kitakwimu na kitabibu kwa pamoja. Wangepima nani amepona mwishoni mwa dozi tu, tofauti nyingi zisingeonekana, kwa sababu karibu wote walikuwa wanaonekana wamepona.

Mfano wa pili uko kwenye njia ya basi la Tanga. Ukishapita Korogwe na Segera unafika Muheza. Hospitali Teule ya pale ilikuwa moja ya hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoshiriki utafiti ulioitwa FEAST, wa watoto wanaoletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo dhaifu. Mafunzo ya dharura yalisema mtoto huyo mmiminie maji ya dripu kwa haraka. Hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na uwezo wa kufanya hivyo kikamilifu, na utafiti ulianza kwa matarajio kwamba maji hayo yataokoa. Wakawekwa makundi 3: maji ya chumvi ya haraka, albumini (maji yenye protini ya damu) ya haraka, na kundi lisilopewa ya haraka bali maji ya kawaida ya taratibu. Watoto wa kuhara na wa utapiamlo mkali hawakuingizwa, na hilo usilisahau unaposikia mtu anaunukuu utafiti huu ovyo.

Mpango ulikuwa watoto 3,600. Januari 2011, wakiwa wamefika 3,141, kamati huru iliyokuwa ikiangalia data ikashauri usimamishwe. Vifo ndani ya saa 48 vilikuwa asilimia 10.6 kwa walioongezewa albumini, 10.5 kwa waliopewa maji ya chumvi, na 7.3 kwa wasiopewa ya haraka. Kilichotarajiwa kuokoa ndicho kilichokuwa kinaua.

Hapa kuna jambo ambalo nataka ulishike. Tofauti ile ni watoto 3 hivi katika kila 100. Hakuna daktari, hata awe na jicho kali namna gani, anayeweza kuiona hiyo akiwa wodini. Tena kilichoonekana wodini kilikuwa kinadanganya: dalili za mzunguko wa damu zilirekebika mapema zaidi kwa waliomiminiwa maji. Daktari anamwona mtoto viganja vimepata joto, mama anashukuru, kesho yake mtoto anafariki na wote wanasema ugonjwa ulikuwa mkubwa. Ni hesabu iliyopangwa mapema ndiyo pekee ingeweza kuliona hilo. Na kwenye kamati ya namna hiyo mtakwimu hakai kama mgeni mwalikwa. Ripoti wanayoijadili imeandaliwa na mtakwimu, na mmoja wa wajumbe kwa kawaida ni mtakwimu, kwa sababu swali lililo mezani ni la kwake: je, tofauti hii ni ya kweli kiasi cha kutulazimisha tusimame, au ni bahati mbaya ya wiki hizi chache? Ukisimamisha mapema mno umeipoteza dawa nzuri. Ukichelewa, kuna watoto.

Sasa tushuke kwenye kazi ya kila siku. Daktari wa uzamili anakuja kwako, tuseme ana mwaka mmoja na anakadiria kupata wagonjwa 120. Anataka kulinganisha tiba mbili kwa kipimo cha vifo. Wewe umuulize kwanza: kwa sasa wanakufa wangapi kati ya 100, na unategemea tiba mpya iwapunguze wafike wangapi? Akisema kutoka 20 hadi 10, basi ili uwe na uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo kama ipo, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5 cha kudanganywa na bahati, unahitaji karibu wagonjwa 200 kila kundi. Kutoka 15 hadi 10, karibu 680 kila kundi. Kutoka 10 hadi 7, karibu 1,350 kila kundi. Yeye ana 60 kila kundi. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, na ndipo wengi wa watakwimu wachanga wanapokosea kwa kumsaidia daktari "kurekebisha" makadirio mpaka yatoshee wagonjwa alionao. Anaandika kwamba tiba yake itapunguza vifo kutoka 30 hadi 8, kamati inapitisha, mwaka unapita, matokeo "hayana tofauti", na kwenye hitimisho anaandika kwamba tiba haifanyi kazi. Hakuna alichopima.

Cha kumwambia ni kwamba abadilishe swali, si makadirio. Labda apime kitu ambacho kila mgonjwa anakitoa, kama shinikizo la damu baada ya miezi 3, badala ya kifo ambacho kwa bahati nzuri ni wachache wanaokipata. Labda aungane na mwenzake wa hospitali ya Mawenzi na mwingine wa Mount Meru Arusha, wakusanye kwa fomu moja. Labda aachane na kulinganisha, aeleze vizuri tu wagonjwa wake ni akina nani na wanafika na hali gani, maana kwa magonjwa mengi hapa kwetu hata hilo halijafanywa. Mazungumzo haya yanachukua saa moja. Ukiyafanya vizuri na daktari mmoja, wa pili atakuja kabla hajakusanya, na ndivyo unavyotoka kwenye ukokotoaji bila kugombana na mtu.

Hilo la kueleza tu wagonjwa ni akina nani usilidharau, na ushahidi uko mjini kwako. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifuatilia watu wazima na watoto waliolazwa kwa homa katika hospitali 2 za Moshi, KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 870. Waliopewa jina la malaria na madaktari walikuwa 528, yaani zaidi ya nusu. Maabara ilipochunguza kwa undani, ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, leptospirosi, homa ya Q, chikungunya, brusela, mambo ambayo hakuna aliyekuwa akiyafikiria kwa mtu wa Majengo aliyelazwa na homa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Hakuna hesabu ngumu pale. Ni mgao na asilimia. Lakini ili 14 juu ya 870 iwe na maana, ilibidi mtu aamue mapema nani anaingia, nani haingii, kipimo gani kinahesabika kuwa ni jibu, na damu ichukuliwe tena baada ya wiki kadhaa ili kingamwili zilinganishwe, maana magonjwa kama leptospirosi huwezi kuyathibitisha kwa kipimo cha siku ya kwanza tu. Wanaoshindwa kurudi kutolewa damu ya pili nao wanahesabiwaje? Hilo ni swali lako wewe, si la daktari.

Nimesema ukaijue wodi. Naomba unielewe kwa namna halisi kabisa: mwombe nesi wa utafiti wa mradi wenu uambatane naye asubuhi, ukae naye anapojaza fomu ambazo wewe unaziingiza. Utaona mambo ambayo hakuna darasa litakufundisha.

Chukua uzito wa mtoto anapozaliwa. Pale KCMC kuna rejesta ya uzazi inayoendelea tangu mwaka 2000, ilianzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwei, na watafiti wengi wachanga wamejifunzia kazi kwenye data yake. Katika data yoyote ya uzazi, ukichora grafu ya uzito utaona milima: 2.5, 3.0, 3.5. Watoto hawazaliwi kwa namba nzima hivyo. Ni mtu aliyesoma mizani akakadiria. Kwa 3.0 haina neno sana. Kwa 2.5 ina neno kubwa, kwa sababu chini ya kilo 2.5 ndipo tunapomwita mtoto mwenye uzito pungufu. Mtoto wa kilo 2.46 akiandikwa 2.5 amehamishwa kundi, na ukiwa na wengi wa namna hiyo asilimia yako ya uzito pungufu imeshuka bila mtoto yeyote kunenepa. Ukisimama chumba cha kujifungulia ukamwona mkunga ana akina mama watatu kwa wakati mmoja na mizani ya mshale, utaelewa na hutamlaumu. Lakini pia utajua kwamba kwenye uchambuzi inabidi ujaribu kikomo kingine badala ya 2.5, uone jibu linayumba kiasi gani.

Shinikizo la damu nalo linapenda kuishia na sifuri: 120, 130, 140. Umri wa watu wazima unarundikana kwenye 40, 45, 50. Tarehe za kuzaliwa za wazee zinaangukia tarehe 1 Januari. Na kuna ile 99 iliyowekwa kumaanisha "haijulikani", ambayo mtu asiyeiangalia ataichukua kama umri na kukuta wodi imejaa vikongwe.

Kubwa kuliko yote hayo ni nani kafika hospitalini. Hospitali ya rufaa inapokea waliozidiwa: mama aliyeanza uchungu Rombo au Same, akakwama, akapandishwa gari la wagonjwa usiku. Ukihesabu vifo vya watoto wachanga humo ukavitangaza kuwa ni hali ya Mkoa wa Kilimanjaro, umeutukana mkoa. Upande wa pili, aliyefia nyumbani hayupo kwenye data yako kabisa. Kwa hiyo kwenye kila jedwali unaloliona jifunze kuuliza safu ambayo haipo. Rafiki yangu mmoja wa takwimu za kilimo huwa ananicheka kwamba mahindi hayahami hospitali. Ana haki ya kucheka.

Turudi kwa wale wa "nitolee p-value, kesho nawasilisha". Usiwakatalie, ni wateja wako wa baadaye, na wengi wao hawajawahi kuelezwa vinginevyo. Ila kabla hujafungua hiyo Excel, uliza kitu kimoja: ni lini mgonjwa alianza kuhesabiwa? Nakupa mfano wa kutunga. Daktari anakuja na wagonjwa 200 wa TB yenye usugu. Amegundua kwamba waliohudhuria ushauri nasaha mara 6 au zaidi wamefariki wachache sana kuliko waliohudhuria mara 1 au 2. P-value ni ndogo mpaka inapendeza. Anataka kupendekeza ushauri uongezwe. Lakini kama ushauri ni mara moja kwa mwezi, ili mtu ahudhurie mara 6 ni lazima awe hai miezi 6. Aliyefariki mwezi wa pili hakuwa na namna ya kufika mara ya 6. Kwa hiyo ushauri "unaokoa" hata kama kilichofanyika humo ni kunywa chai tu. Suluhisho lipo, la kuanza kuhesabu kila mtu kuanzia tarehe moja, na kuhesabu mahudhurio kadiri muda unavyokwenda, au kuchagua siku moja, tuseme mwisho wa mwezi wa tatu, ukawalinganisha waliofika siku hiyo wakiwa hai. Kosa hili limechapishwa mara nyingi duniani, kwenye majarida makubwa pia, kwa hiyo ukilikamata kabla ya kuwasilisha umemwokoa mtu aibu. Mtu uliyemwokoa aibu hakusahau.

Kuhusu p-value yenyewe, chama cha watakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kukumbusha kwamba haipimi ukubwa wa faida wala uwezekano wa dhana kuwa kweli. Wewe mpe daktari tofauti yenyewe na masafa yake: "vifo vimepungua kwa 4 kati ya 100, na data hii inakubaliana na kuanzia kupungua kwa 9 hadi kuongezeka kwa 1." Akiisoma hiyo atafikiri kitabibu. Akipewa p-value ya 0.11 atafikiri amefeli mtihani.

Masomo. Shahada ya uzamili utaihitaji, sitakuficha. Chuo cha KCMC hapo hapo kina uzamili wa epidemiolojia (elimu ya namna magonjwa yanavyoenea kwa watu) na takwimu tiba, na kwa mtu ambaye tayari yuko Moshi na ana mguu kwenye mradi, ningeanza huko kabla ya kuota mbali, kwa sababu data, walimu na wodi viko sehemu moja. Muhimbili ni mahali pazuri. Wits ya Johannesburg ina jina kubwa kwa eneo hili, na London kuna chuo cha usafi na tiba za tropiki, ambacho kina takwimu tiba ya darasani, na epidemiolojia unayoweza kusoma ukiwa kwako. Kwa nje tafuta ufadhili, ule wa Jumuiya ya Madola ni mmoja wapo, usikope. Wewe una hisabati tayari, kwa hiyo popote utakapokwenda tumia muda wako kwenye epidemiolojia, uchambuzi wa muda wa kuishi, data inayopimwa kwa mtu yule yule mara nyingi, na data iliyokosekana. Hayo ndiyo utakayoyatumia kila wiki.

Programu: jifunze R, ni ya bure na hutaomba leseni kwa mtu. Stata utaikuta miradini, utaizoea. La msingi ni uandike amri zako kwenye faili na ulitunze, usiwe mtu wa kubofyabofya, kwa sababu mhakiki wa jarida atauliza baada ya miezi 8 ulifanyaje na wewe utakuwa umeshasahau. Na data yenye majina ya wagonjwa usiipokee kwa WhatsApp, hata anayeituma akiwa profesa. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na kabla ya hiyo tulikuwa na kamati za maadili, ya taasisi na ile ya taifa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Mwambie aondoe majina, aweke namba.

Jina lako kwenye makala. Hili linaumiza vijana wengi, na wanalalamika wakati mambo yameshaisha. Vigezo vya wahariri wa majarida ya tiba viko wazi: aliyechangia usanifu au uchambuzi, akashiriki kuandika au kuhakiki kwa uzito, akaidhinisha nakala ya mwisho na kukubali kuwajibika kwayo, ni mwandishi. Kutoa p-value jioni moja hakutoshi, na usidai. Kupanga sampuli, kuandika mpango wa uchambuzi, kuchambua na kuandika sehemu ya mbinu kunatosha, na usikubali kuishia kwenye mstari wa "tunamshukuru kwa msaada wa takwimu". Lizungumzeni mwanzoni, kwa upole, kwa barua pepe, ili liwe limeandikwa mahali. Mtu akikataa mwanzoni, umejua mapema.

Pesa, na hapa namwongelea baba. Yuko sahihi kuliko unavyodhani. Benki ina mshahara wa kila mwezi; utafiti una mkataba unaoisha na mradi. Mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada yake tuliona namna ajira za miradi zinavyoweza kuyeyuka ndani ya wiki. Namna ya kupunguza hatari ni kutokuning'inia kwenye mradi mmoja: uwe na nafasi ya kufundisha chuoni, hata ya msaidizi, na miradi miwili mitatu inayokulipa sehemu ya muda. Mtakwimu ana bahati hiyo ambayo mtaalamu wa ugonjwa mmoja hana, kwamba malaria ikikosa fedha, kisukari bado kinahitaji sampuli kukadiriwa. Najua nimekwambia uchague ugonjwa mmoja. Chagua mmoja wa kuujua kwa undani, na mingine ya kulia ugali.

Pa kuanzia ni mradi huo huo uliomo. Wiki hii mwombe mratibu wenu nakala ya protokoli, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa. Makarani wengi wa data hawajawahi kuiona, na hakuna mratibu mwenye akili atakayekunyima. Soma sehemu ya takwimu, kisha kaa na kanzidata yako na ujaribu kuandika ukurasa mmoja: kipimo kikuu cha utafiti wenu ni kipi, kinatoka kwenye swali gani la fomu, ni wagonjwa wangapi mpaka sasa swali hilo ni tupu, na tupu hizo zinatoka kliniki ipi na siku zipi. Ukiona zinaangukia wikiendi, nenda ukaulize nani anakuwa zamu. Ukurasa huo mpelekee mratibu, si kama malalamiko, kama taarifa. Mradi mwingi hugundua tupu hizo siku ya kuchambua, wakati mgonjwa ameshaenda zake Himo na simu haipatikani.

Pakua pia mwongozo wa kimataifa wa takwimu kwenye majaribio ya dawa unaoitwa ICH E9. Ni wa mwaka 1998, una nyongeza ya 2019, ni wa bure, na umeandikwa kwa lugha ya watu wazima. Usome taratibu, na kila kifungu ukilinganishe na protokoli ya mradi wenu. Mkikuta havilingani, andika swali lako vizuri ulilete, tutalijadili.